Radhi Bila ya Kurejesha Haki

Imekuwa ada ya makampuni makubwa ya ulimwengu, kila yanapotuhumiwa hadharani kuwa yamewabagua wateja kwa sababu ya rangi zao, kuharakisha kutoa taarifa ya kuomba radhi. Taarifa hizo zinafanana kama sarafu za thamani moja. Kampuni husema kuwa imesikitishwa mno. Kuwa kitendo kilichotokea hakiwakilishi maadili yake. Kuwa mfanyakazi aliyehusika amechukuliwa hatua. Na kuwa wafanyakazi wote watapewa mafunzo. Baada ya wiki mbili tatu makelele hupoa, magazeti hupata habari nyengine, na biashara huendelea.

Jambo hili linatuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Sehemu kubwa ya pato letu hivi sasa inapita katika mikono ya hoteli, mikahawa, makampuni ya boti na nyumba za kulala wageni, na sehemu kubwa ya mitaji hiyo imetoka nje. Wananchi wetu wanasimama pande zote mbili za kaunta: wako wanaohudumia, na wako wanaotaka kuhudumiwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji asimame nje ya lango. Kwa hivyo hapana budi tujiulize mapema, kabla ya kufikwa na kashfa kubwa: kampuni inapotuhumiwa ubaguzi, jawabu lipi ni la kweli na lipi ni la kupoza makelele?

Mizani ya kupimia majawabu hayo haiko mbali nasi. Mtoto yeyote aliyekaa chuoni katika visiwa hivi amefundishwa masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Na kama kosa hilo linahusu haki ya mja mwenzio, limeongezwa sharti la nne, ambalo ni kumrejeshea mwenye haki haki yake. Bila ya sharti hilo hayo mengine matatu hayatoshi. Tukiyapima majawabu ya makampuni kwa mizani hii tutaona kuwa wingi wao huishia kwenye majuto, nayo ndiyo yenye gharama ndogo kuliko yote.

Tuanze na Marekani, ambako mambo haya yana historia ndefu na kumbukumbu zilizo wazi. Tarehe 1 Februari, 1960, vijana wanne weusi, wanafunzi wa chuo, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth katika mji wa Greensboro, wakaagiza kahawa, wakanyimwa. Duka lile lilikubali kupokea fedha zao kwenye kaunta za bidhaa nyengine. Lililokataa ni kuwaruhusu waketi wale na watu weupe. Jawabu la kampuni wakati ule halikuwa radhi. Kampuni ilisema kuwa inafuata mila ya mahali ilipo. Vijana hawakurudi nyuma, wenzao wakaongezeka siku hadi siku, wanunuzi wakasusa, na mauzo yakaporomoka. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo kaunta ile ikafunguliwa kwa watu wote. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Sheria ya Haki za Kiraia ikapiga marufuku ubaguzi katika mikahawa, hoteli na kumbi za starehe nchini kote.

Yafaa tuizingatie njia hiyo. Mila ya mahali ilikuwa ngao ya kampuni muda wote ambao ngao hiyo ilikuwa na faida. Hasara ilipozidi faida, mila ikawekwa kando. Kisha ikaja sheria, na ubaguzi wa wazi wazi ukawa ni kosa la kushitakiwa. Tokea hapo makampuni hayasemi tena kuwa yanabagua kwa kufuata mila. Ubaguzi unapotokea siku hizi huvaa nguo nyengine: huduma inayochelewa, meza ambayo "imeshawekwa", fedha inayodaiwa kabla ya chakula, mlinzi anayemfuata mteja mmoja dukani na kumwacha mwengine.

Mfano mkubwa wa nguo hizo ni ule wa mikahawa ya Denny's, kampuni yenye matawi zaidi ya elfu moja Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1991, katika mji wa San Jose, kundi la vijana weusi lilidaiwa dola mbili kwa kila mtu kama ada ya kuingilia, na lilipe kabla ya kula, hali vijana weupe waliokuwamo humo humo hawakudaiwa hivyo. Kesi ikafunguliwa. Malalamiko mengine yakamiminika kutoka majimbo mbali mbali, na yakageuka kuwa maelfu. Baadhi ya waliokuwa wafanyakazi walieleza kuwa mameneja walikuwa na neno maalumu la kujulishana pale wateja weusi walipoonekana kuwa wengi mno ndani ya mkahawa, ili wapunguzwe. Mwezi wa Aprili 1993, katika mji wa Annapolis, askari weusi sita wa kikosi cha ulinzi wa Rais wa Marekani walikaa karibu saa nzima wakingoja kifungua kinywa ambacho hakikuletwa, na huku wenzao weupe waliovaa sare ile ile wamekwishakula. Jawabu la mwanzo la kampuni lilikuwa kwamba huduma tu ndiyo iliyochelewa, wala si ubaguzi.

Lakini safari hiyo jawabu la mwanzo halikuwa la mwisho. Mwezi wa Mei 1994 Denny's ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 54 kumaliza mashauri hayo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwa wateja waliodhulumiwa. Mapatano yaliwekwa chini ya mahkama. Aliteuliwa mwangalizi wa nje wa haki za kiraia. Walitumwa watu weusi na weupe, wakijifanya wateja wa kawaida, kwenda kupima kama wanahudumiwa sawa, bila ya meneja kujua ni nani na watakuja lini. Mwaka 1995 aliletwa mkuu mpya wa kampuni, Jim Adamson, ambaye aliifungamanisha sehemu ya marupurupu ya wakubwa wake na maendeleo ya kuondoa ubaguzi. Mwaka 1993 alikuwako mtu mmoja tu mwenye asili ya Kiafrika aliyemiliki tawi la Denny's; miaka michache baadaye walihesabiwa kwa makumi. Mwaka 2000 jarida la Fortune liliiweka kampuni mama ya Denny's katika nafasi ya kwanza miongoni mwa makampuni yanayowafaa watu wa makabila madogo nchini Marekani.

Hatusemi kuwa wenye hisa wa Denny's waliamka asubuhi moja wakiwa na nyoyo mpya. Nyoyo hazionekani, na hatuna haja ya kuzipima. Tunasema kuwa mambo manne yalikutana: waliodhulumiwa walilipwa, mwangalizi alitoka nje ya kampuni, ukaguzi ulikuwa wa kushtukiza, na mkubwa aliguswa mfukoni mwake. Yalipokutana hayo, mwenendo ulibadilika.

Sasa tulinganishe na mambo ya Starbucks. Tarehe 12 Aprili, 2018, vijana wawili weusi waliingia katika mkahawa wa kampuni hiyo mjini Philadelphia kumngoja mwenzao wa biashara. Mmoja akaomba kutumia choo, akaambiwa ni cha walionunua. Dakika chache tu baada ya kuingia kwao meneja alipiga simu polisi. Vijana wakafungwa pingu mbele ya watu, wakawekwa korokoroni kwa saa kadhaa, kisha wakaachiwa bila ya shitaka lolote. Mteja mmoja alikuwa amepiga picha za video, na ulimwengu mzima ukaona.

Mkuu wa kampuni wakati huo, Kevin Johnson, alikwenda Philadelphia mwenyewe na kuwaomba radhi vijana wale uso kwa uso. Meneja akaondoka kazini. Kampuni ikapatana nao kwa malipo ambayo hayakutangazwa. Nao vijana walionesha hekima kubwa: kwa upande wa Serikali ya mji walipokea dola moja moja tu, na badala yake mji ukaahidi dola 200,000 kuwasaidia vijana wanaotaka kuanzisha biashara. Tarehe 29 Mei Starbucks ilifunga mchana mmoja mikahawa yake zaidi ya 8,000 nchini Marekani ili wafanyakazi wapatao 175,000 wapewe mafunzo juu ya ubaguzi. Ilitangazwa pia kuwa mtu yeyote anaweza kukaa ndani na kutumia choo bila ya kununua kitu.

Kwa macho ya haraka jawabu hilo lilikuwa kubwa kuliko la Denny's. Maduka elfu nane kufungwa kwa pamoja si jambo dogo. Lakini mafunzo ya mchana mmoja ni mchana mmoja. Ukaguzi ulifanywa, naye Eric Holder, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, ndiye aliyepewa kazi. Lakini aliyempa kazi hiyo ni kampuni yenyewe. Ruhusa ya kukaa bila ya kununua ilidumu chini ya miaka saba, kwani mwezi wa Januari 2025 kampuni iliifuta katika mikahawa yake ya Amerika ya Kaskazini. Kilichotolewa kwa hiari ya kampuni kiliondolewa kwa hiari ya kampuni, na hapakuwa na mahkama wala mwangalizi wa kuuliza kwa nini.

Liko jengine. Katika pirika za kutafuta wa kubebeshwa mzigo, kampuni ilimfukuza kazi meneja mmoja wa mkoa, mwanamke mweupe, ambaye hakuwamo dukani siku ya tukio. Akaenda mahkamani akidai kuwa amefukuzwa kwa sababu ya rangi yake, na mwezi wa Juni 2023 baraza la wazee wa mahkama huko New Jersey lilimpa ushindi wa dola milioni 25.6. Hivyo kampuni iliyotuhumiwa kubagua watu weusi ikaonekana mahkamani kuwa imembagua mtu mweupe ili isafishe jina lake. Dhulma haiondolewi kwa dhulma. Anayetafuta kafara badala ya kutafuta chanzo, hulipa mara mbili.

Mfano wa tatu una faida maalumu kwetu, maana unahusu nyumba za kulaza wageni, ambazo sasa zimeenea kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi, Paje na Jambiani. Mwaka 2016 ulitangazwa utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard juu ya Airbnb, kampuni inayowakutanisha wenye nyumba na wapangaji kwa njia ya mtandao. Waliandika maombi kwa wenye nyumba katika miji mitano ya Marekani, maneno yale yale, tofauti ikiwa ni majina tu. Maombi yenye majina yanayojulikana kuwa ni ya watu weusi yalikubaliwa kwa asilimia 16 pungufu kuliko yale yenye majina ya watu weupe. Wakati huo huo wateja weusi kwa maelfu walikuwa wakieleza hadharani yaliyowapata.

Airbnb nayo ilimwita Holder huyo huyo, ikatunga masharti mapya na kumtaka kila mwenye nyumba ayakubali ama aondoke. Baadaye ikazificha picha za waombaji mpaka mwenye nyumba awe amekwishatoa jawabu. Na mwaka 2020 ilianza kupima yenyewe ukubwa wa tatizo. Ilipotangaza matokeo mwaka 2022, takwimu za mwaka 2021 zilionesha kuwa wapangaji wanaodhaniwa kuwa weupe walifanikiwa kupata nyumba mara 94.1 katika kila mia, na wanaodhaniwa kuwa weusi mara 91.4. Pengo limebaki, na kampuni ndiyo iliyolitaja. Sisi hatuoni haya kusema kuwa tendo hilo ni bora kuliko radhi mia, kwa sababu tarakimu ikishatangazwa watu wataiuliza mwaka unaofuata. Lakini tusisahau kuwa bila ya watafiti wa nje na bila ya wateja kupaza sauti, tarakimu hiyo isingepatikana.

Tukirudi karibu na kwetu, tunakuta mambo yenye mafunzo ya namna nyengine. Mwezi wa Machi 2015 ilifahamika kuwa mkahawa mmoja wa Kichina jijini Nairobi ulikuwa ukiwazuia wateja Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni usalama, kwamba wezi waliwahi kuuvamia. Fikra gani hii! Mwizi mmoja akikosa, taifa zima lifungiwe mlango katika nchi yake. Wananchi wa Kenya walighadhibika, na wenye mamlaka wakaufunga mkahawa ule haraka. Lakini tuangalie ulifungwa kwa hoja gani: ni kwa kukosa leseni zilizotakiwa. Kosa la leseni lilipatikana, kosa la kumbagua mwananchi likabaki bila ya jina lake katika hati ya mashitaka. Mwenye mkahawa mwengine angeweza kujifunza kuwa ubaguzi unawezekana maadamu leseni zimekamilika.

Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi waliokuwa Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wanaujua vizuri, walitolewa nyumbani na kukataliwa mahotelini. Tawi moja la McDonald's mjini humo lilibandika tangazo kuwa watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Kampuni iliomba radhi, ikalifunga tawi lile kwa muda, ikasema kuwa tangazo halikuwakilisha maadili yake. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo huko Afrika ya Kusini, maduka ya dawa na vipodozi ya Clicks yalikumbwa na ghadhabu za umma baada ya tangazo katika tovuti yao kuziita nywele za mtu mweusi kavu na zilizoharibika, na nywele za mtu mweupe za kawaida. Maduka yalifungwa siku moja, kampuni ya Unilever ikaziondoa madukani kwa siku kumi bidhaa za TRESemmé zilizotangazwa hivyo, na baadhi ya maduka yalishambuliwa na kuharibiwa.

Juu ya hilo la mwisho tungependa kusema wazi. Kuvunja duka hakumfundishi mwenye mtaji ambaye duka lake lina bima. Hasara huwafikia wafanyakazi wa duka, ambao aghlabu ni wale wale waliotukanwa. Silaha ya mteja ni mguu wake na kinywa chake: asiingie, na aseme kwa nini haingii. Vijana wa Greensboro hawakuvunja hata kikombe kimoja.

Sasa tuseme la kwetu. Visiwa hivi vinajua maana ya kupangwa kwa asili. Wakati wa utawala wa Kiingereza kila mtu alikuwa na safu yake katika daftari, na katika Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata kabila lililoandikwa: huyu wa mchele, yule wa nafaka nyengine. Watu walibadilisha kabila katika karatasi ili watoto wao wapate wali. Mambo hayo yaliacha majeraha ambayo wazee wetu wanayajua, na mwenye kovu usidhani kapoa. Ndiyo maana Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika Kifungu cha 12, ikaweka usawa mbele ya sheria na kukataza ubaguzi. Taifa lililopitia hayo halina udhuru wa kulichukulia jambo hili kuwa ni la Wamarekani.

Malalamiko yapo. Si jambo geni kumsikia mwenyeji akieleza kuwa alizuiliwa na mlinzi kupita katika pwani ambayo babu zake wakivutia madau, na hali wageni wakipita. Si geni kusikia kuwa aliyeingia mkahawani na kanzu au kanga aliulizwa anamtafuta nani, kabla ya kuulizwa atakula nini. Na mlinzi huyo si mgeni. Ni kijana wetu, pengine jirani wa huyo anayezuiliwa. Hatumtetei, lakini lazima tuulize: nani aliyemfundisha kumtambua mteja kwa sura? Mlinzi haandiki sera ya hoteli. Kampuni itakayojibu kwa kumfukuza mlinzi na kumwacha aliyemwelekeza itakuwa imefuata njia ile ile ya kafara.

Liko pia suala la bei ya mkaazi na bei ya mgeni. Kutofautisha bei kwa ukaazi si ubaguzi wa rangi, ikiwa bei zote mbili zimeandikwa ubaoni na kila mteja anaombwa kitambulisho kwa namna moja. Linakuwa ubaguzi pale karani wa tiketi anapoamua kwa jicho. Mzanzibari mwenye asili ya Kihindi au Kiarabu anadaiwa bei ya mgeni mpaka athibitishe nchi yake. Na msafiri mweusi kutoka ng'ambo anapitishwa kama mkaazi, au anadharauliwa mapokezini kwa kudhaniwa kuwa hana fedha. Katika hali zote mbili rangi imefanywa kuwa pasipoti. Hilo halikubaliki, nani awe amefaidika au amedhurika.

Wako watakaosema kuwa mazungumzo haya yatawatia hofu wawekezaji. Tunafikiri kinyume. Mwekezaji mwema anataka kujua kanuni mapema kuliko kushitukizwa na kashfa. Wako pia watakaosema kuwa wapo wateja wazushi, wanaoita ubaguzi kila wanapodaiwa deni lao. Wapo, hatukatai. Na kampuni iliyotuhumiwa ina haki ya kusikilizwa sawa na mlalamikaji. Hii ndiyo sababu ya kutaka kuwepo utaratibu. Pasipo na utaratibu mzushi na mkweli husimama sawa, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Kwa hivyo tunatoa rai kwa viongozi wa Chama na Serikali, na hasa Kamisheni ya Utalii na vyombo vinavyomlinda mtumiaji, wayatazame mambo manne.

Kwanza, kila hoteli, mkahawa na chombo cha usafiri kiwe na daftari la malalamiko lenye kurasa zilizopigwa nambari, linalowekwa mahali pa wazi, lililoandikwa kwa Kiswahili na lugha za wageni. Mlalamikaji ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, na mkaguzi wa Serikali awe na haki ya kulifungua daftari hilo siku yoyote.

Pili, pawe na ukaguzi wa kushtukiza. Wapelekwe watu wa sura mbali mbali, siku moja, kwa ombi moja, waone kama wanapewa jawabu moja. Kazi hii haihitaji mitambo wala fedha nyingi. Inahitaji uaminifu wa wakaguzi.

Tatu, rekodi hiyo iangaliwe wakati wa kuifanyia upya leseni, na kosa la kumbagua mteja liandikwe kwa jina lake. Tusijifiche nyuma ya choo kibovu au kibali kilichopitwa na muda. Mwananchi aliyedhulumiwa anastahili kusikia katika hukumu neno linalolingana na dhulma yake.

Nne, fidia imfikie aliyedhulumiwa. Faini ikiingia hazina peke yake, Serikali imepata lakini mwenye haki bado anadai. Na matokeo ya mashauri hayo yatangazwe kila mwaka, idadi ya malalamiko, yaliyothibitika na yaliyokataliwa, ili sote tujue kama tunakwenda mbele au tunarudi nyuma.

Wenye makampuni tunawaambia kuwa siku ya kutunga jawabu si ile ambayo picha za video zimekwishaenea. Siku hiyo kila neno litaonekana la kujiokoa. Waanze leo kwa kuwauliza walinzi na makarani wao wameelekezwa nini, na nani aliyewaelekeza. Wananchi nao tunawaomba wasinyamaze, wala wasitukane. Waandike siku, saa, mahali na jina la shahidi, wapeleke panapohusika, na wafuatilie. Woolworth iliendelea kujificha nyuma ya mila hadi mauzo yalipoanguka, na Denny's iliendelea kuita ubaguzi ucheleweshaji hadi maelfu walipokuwa tayari kutia saini zao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu kwetu bado ni mdogo, na chokaa tunayo: Katiba tunayo, vyombo tunavyo, na ukarimu wa visiwa hivi hausifiwi bure. Kilichobaki ni kuhakikisha kuwa ukarimu huo haugawiwi kwa rangi, na kuwa atakayeugawa hivyo hataachiliwa kwa neno "samahani" peke yake.